Stanleyville 1964: Nani Aliwahesabu Wafu Wetu?

Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli juu ya Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Ndege zilizowaleta zilikuwa za Marekani. Tangu mwezi wa Agosti mji ulikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Simba, nao waliwashika mamia ya wageni kuwa mateka. Siku iliyotangulia, huko Nairobi, Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amewakutanisha balozi wa Marekani na Thomas Kanza, mjumbe wa waasi, kwa ajili ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kabla mashauri hayajazaa neno, askari wakashuka.

Hapo mataifa yakagawanyika. Mjini Cairo waandamanaji walichoma maktaba ya Wamarekani. Nchi 22, zilizo nyingi za Afrika, zikaliita Baraza la Usalama, zikisema kwamba uhuru wa Afrika umedharauliwa. Bwana Spaak, waziri wa Ubelgiji, akajibu kuwa walikwenda kuokoa watu tu, kisha wakaondoka. Tena serikali ya Kongo iliwaruhusu. Nijeria nayo ilitetea haki ya serikali hiyo kuomba msaada. Lakini waziri mkuu wa Kongo alikuwa Tshombe, aliyetaka kuitenga Katanga, akawaajiri askari wa kukodiwa. Kwa hiyo wengi hawakuiheshimu ruhusa yake. Tarehe 30 Desemba Baraza likataka vita vikome na askari hao waondolewe. Nchi 10 zilikubali, Ufaransa peke yake haikupiga kura.

Sisi twaona kila upande ulishika sehemu ya ukweli. Mateka waliookolewa walikuwa watu, na kuwaokoa si dhambi. Uhuru wa taifa nao si mchezo. Lakini katika kelele ile, Wakongo wenyewe walitajwa kidogo mno. Kabla ndege hazijafika, waasi walikuwa wameua makarani na watu wengi wenye elimu mbele ya sanamu ya Lumumba. Baada ya mji kutwaliwa, askari wa serikali na wale wa kukodiwa wakaua watu wengi kwa kuwashuku tu.

Tarehe 26 Novemba Wabelgiji walishuka pia Paulis, ndiyo Isiro, wakaondoka upesi. Huko, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa, naye hakuwa ametimiza miaka 25. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985, na jina lake twalijua. Wengine wengi hatuyajui majina yao.

Wahenga walisema, fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Naam, lakini watu si nyasi. Basi, enyi wazazi na wanafunzi, msikiapo kwamba jeshi la kigeni limeingia katika maasi ya nchi nyingine, msiulize tu nani analisifu na nani analilaani. Ulizeni kwanza: je, wafu wa nchi ile wamehesabiwa?