Nati Imegoma, Oili Inavuja: Mambo ya Kufanya Kabla Hujakaza Wala Kulegeza

Huku Igunga mvua tunazitarajia kuanzia Novemba, na kwenye mbuga za Choma siku nzuri za kulima ni chache. Udongo ukiwa mkavu jembe halizami, ukishiba maji trekta ndiyo inazama. Ikilala siku tatu kwa fundi kwa sababu ya mpira mmoja, pamba na mpunga wako umechelewa, na wale uliowaahidi kuwalimia wameshatafuta mwingine.

Trekta nyingi ninazozikuta mashambani ni za mitumba zenye umri mkubwa, hasa Massey Ferguson. Kuvuja kwao ni kawaida, lakini usikuzoee.

Tone moja si dogo

Piga hesabu. Oili ikidondoka tone moja kila sekunde, kwa masaa 10 ya kulima ni matone 36,000. Ukikadiria matone 20 hadi 30 kwa mililita, umemwaga lita 1.2 mpaka 1.8 kwa siku. Tena kwenye Massey za zamani kama 135 na 240, oili inayonyanyua jembe ndiyo hiyohiyo inayolainisha giaboksi na difu. Mpira wa trela ukivuja unadhani ni shida ya trela, kumbe gia zako ndizo zinakauka. Pima kwa kijiti kila asubuhi.

Tafuta chanzo

Usiamini pale tone linapodondokea, maana oili hutambaa. Osha eneo lote, likaushe, washa injini dakika chache, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Rangi nayo inasema: nyeusi mara nyingi ni oili ya injini, ya asali ni ya haidroliki au giaboksi, na ikiwa kama maziwa ujue maji yameingia. Maji ya kijani yanayotoka upande wa rejeta ni kulanti. Mafuta mepesi yanayobambua rangi ya bodi ni ya breki, na hapo gari au trekta isitoke kabisa mpaka itengenezwe.

Usipapase kwa mkono!

Hili naomba mlishike. Haidroliki ya trekta inafanya kazi kwa presha inayoweza kupita paundi 2,000 kwa inchi ya mraba. Kitobo kidogo kama ncha ya sindano kinarusha oili usiyoiona, nayo inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba tu, lakini ndani nyama inaoza, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa hilo. Pitisha kipande cha boksi au ubao karibu na mpira, usipitishe kiganja. Ikikupenya, usisubiri iume. Nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe ya wilaya Igunga au Nkinga, na umwambie daktari wazi kwamba ni oili ya presha.

Kufungua nati iliyogoma

1. Shusha jembe au trela mpaka chini, zima injini, kisha sukuma na kuvuta lever ya haidroliki mara kadhaa ili presha iishe. Viungo vya kuchomeka vya trela mara nyingi vinagoma kwa presha iliyonaswa ndani, halafu watu wanavipiga nyundo bure.

2. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Usiku mmoja wa kusubiri ni rahisi kuliko pampu mpya.

3. Gonga pande za nati kwa nyundo ndogo, taratibu, ili kutu iachie.

4. Tumia spana mbili: moja ishikilie kiungo kisizunguke, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, unasokota paipu au unang'oa kiungo kizima.

5. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikianza kutembea, nenda robo mzunguko, rudi, ongeza mafuta.

Plaizi na ile spana malaya ziache kwenye boksi, zinakula pembe za nati. Kwa paipu za breki tafuta spana ya pete yenye mwanya wa kupitisha paipu. Kama paipu yenyewe unaibadilisha, ikate karibu na nati kisha vika soketi. Moto mwachie fundi, tena mbali na dizeli na mipira.

Mpira wa rejeta uliong'ang'ania usiuchokonoe kwa bisibisi, utapasua shingo ya rejeta. Subiri injini ipoe kabisa, mwaga maji, legeza klipu, zungusha mpira kwa mkono. Ukigoma na unaubadilisha, upasue kwa urefu kwa kisu, bila kukwaruza chuma.

Kufunga upya

Nenda dukani na mpira wa zamani mkononi. Trekta za zamani kutoka Uingereza nyingi zina uzi wa inchi. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili ikakudanganya, kisha ikaharibu uzi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushie hapa: viungo vingi vya haidroliki vinaziba kwa koni ya chuma au kwa oringi, na vipande vya tepu vitaenda kuziba valvu. Ikivuja baada ya kukazwa vizuri, fungua uangalie uchafu au ufa, usizidi kukaza. Jaza oili, nyanyua na kushusha jembe tupu mara kadhaa, kisha pima tena.

Mkoa wetu una somo la zamani. Urambo ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Mradi ule ulitegemea sana mashine za mitumba zilizobaki baada ya vita, na nyingi zilikufa huku spea na mafundi havitoshi. Fedha nyingi za serikali hazikuziokoa. Wewe mwenye trekta moja unahitaji spana mbili za saizi sahihi, brashi ya waya, oringi za akiba, mpira mmoja wa ziada na kidumu cha kukingia oili chafu isiingie majarubani. Vinunue Septemba. Novemba fundi atakuwa na foleni, na wewe unatakiwa uwe shambani.