Msumeno Haurudishi: Baba, Mwana na Deraya ya Plastiki

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu, seremala anayeheshimika mtaani, alitusubiri penye viatu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Katibu, mwanangu ameniletea kinyago ndani ya nyumba. Naomba kamati ije imseme, kabla sijakitia moto."

Kamati ilituagiza sisi, tunaoshika daftari lake, tukaonane na kijana huyo. Tumeona vyema kuyaandika tuliyoyakuta, kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu leo zina kijana mwenye shauku ambayo baba yake haielewi.

Kijana ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Mjomba wake aishiye Birmingham alimletea vifaa vya kuunda deraya nyeupe ya askari wa Star Wars, filamu iliyoanza kuoneshwa mwaka 1977. Anayedhani kuwa ndani ya sanduku lile mna vazi lililo tayari amekosea. Mna maganda ya plastiki iitwayo ABS. Bamba la plastiki hupashwa moto hadi lilainike, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake hufyonzwa ili bamba liishike kalibu sawasawa. Kila ganda huja na kingo za ziada zinazotakiwa kukatwa. Mkono una maganda mawili, la mbele na la nyuma. Paja na muundi hali kadhalika. Basi kazi yote ni kupima, kukata na kuunganisha.

Mzee alikuwa na malalamiko mawili, na yote yalikuwa na uzito. La kwanza ni fedha. Vifaa hivi hugharimu mamia ya pauni, naye alikuwa amemwomba shemeji yake huyo huyo amsaidie ada ya chuo. La pili ni hofu ya kuingiza sanamu katika nyumba inayoswaliwa. Juu ya hayo, baba na mwana walikuwa hawajazungumza kwa muda wa wiki mbili, ila salamu tu.

Tuliingia chumbani, mzee akabaki mlangoni. Kijana alitupokea kwa adabu, akatuonesha vipande vya mikono alivyokwisha kuviunganisha. Tulipouliza habari za miguu, aliinama, akatoa ganda la muundi lililofichwa chini ya godoro. Pande zake mbili hazikukutana. Palikuwa na mwanya wa vidole viwili.

"Nimeliharibu, ustadhi," alisema. "Nilipima, nikakata, na sasa halifungi. Nilichelea kumwambia baba."

Kabla hatujajibu, sauti ilitoka mlangoni: "Ulipima ukiwa umevaa nini?"

Kijana aliduwaa. Akajibu kuwa alipima mguu mtupu.

"Na chini ya vazi hili huvaliwa nini?"

"Suruali nyeusi, baba. Na nyingine ndani."

"Basi hukuupima mguu utakaovaa. Msumeno haurudishi ulichokata, mwanangu. Lete hayo mabaki."

Mzee aliingia, akaketi chini. Sisi tuliokuja kusema tulinyamaza, tukawa wanafunzi.

Seremala anayeunganisha mbao mbili ubavu kwa ubavu huweka ubao mwembamba nyuma ya kiungo. Mzee alikata ukanda kutoka katika kingo zilizobaki, akaupaka gundi, akauweka ndani ya muundi ili uushike mwanya, kisha akaufunga kwa klampu na utepe wa karatasi. Kijana alimweleza kuwa gundi ile hudai saa 24 au zaidi kabla ya kushika barabara. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwani haraka katika gundi anaijua madhara yake. Kijana naye alimfundisha asilolijua: vipande vidogo vya ABS vikiloweshwa katika asetoni huyeyuka vikawa uji mzito, na uji ule hujaza nyufa, ukikauka ukapigwa msasa kama plastiki yenyewe. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru. Kwa hiyo walifungua madirisha na kuondoa taa ya mafuta.

Tukiwatazama, tuliikumbuka habari ya Nabii Dawud (a.s.). Katika Sura Al-Anbiyaa, aya ya 80, tunaelezwa kuwa Allah (s.w.) alimfundisha utengenezaji wa mavazi ya kujikinga vitani. Na katika Sura Sabai, aya ya 10 na ya 11, alilainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza deraya kamili na kupima vyema uunganishaji wake. Amri ya kupima na amri ya kutenda mema zimekuja katika aya moja. Lau vipimo vingekuwa jambo dogo, Nabii asingeamrishwa.

Waama deraya si ngeni katika sira yetu. Mtume (s.a.w.) alivaa deraya mbili siku ya Uhud, ilhali hapakuwa na mwenye tawakkul kumshinda. Sayyidna Ali (r.a.) alitoa deraya yake kuwa mahari ya Bibi Fatma (r.a.). Na Mtume alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa shayiri ya chakula cha ahli zake. Deraya, basi, imekuwa ngao, imekuwa mahari, imekuwa chakula cha nyumba. Hii ya plastiki haizuii hata jiwe. Itafaa nini?

Kijana alitueleza kuwa huko Marekani, mwaka 1997, Albin Johnson wa South Carolina, aliyekuwa amepoteza mguu kwa ajali ya gari, aliasisi kikundi cha watu wavaao deraya hizi, kiitwacho 501st Legion. Miongoni mwa shughuli zao ni kuchangisha fedha za hisani na kuwatembelea watoto wagonjwa hospitalini. Binti yake mwenyewe alifariki mwaka 2005 kwa saratani ya ubongo. Sisi Waislamu tunalijua daraja la kumzuru mgonjwa, na hatuhitaji vazi ili tuende. Lakini tulimuuliza kijana: mara ya mwisho ulimzuru nani? Alikaa kimya, nasi tukajiuliza swali lile lile.

Kuhusu sanamu, tulilipeleka suala kwa imamu. Alitazama umbo na matumizi yake, akashauri vazi lisiwekwe wala kuning'inizwa mahali pa kuswalia, na mwenye shaka zaidi awaulize wanazuoni. Ajabu ni kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo iliulizwa mwaka 2011 iwapo kofia ya askari huyu ni sanamu. Majaji waliamua kuwa si sanamu bali ni chombo cha kutengenezea filamu. Ile ilikuwa kesi ya hakimiliki, wala haina uzito wa fatwa. Lakini mzee alipoisikia alicheka, na hatukuwa tumemwona akicheka kwa siku nyingi.

Suala la fedha halikwisha kwa kicheko. Ada bado inatafutwa, na mjomba ameandikiwa barua ya heshima aelezwe lililo muhimu zaidi. Kijana naye amekubali kuingia karakana ya baba yake kila asubuhi hadi matokeo yatoke, na kazi ya deraya iwe baada ya Alasiri, bila kuchelewesha swala.

Wazazi wenzetu, kabla ya kukitia moto kitu cha mwanao, kaa naye chini umuulize kinavyoundwa. Huenda akawa anakosea mahali ambapo wewe ndiye fundi. Nanyi vijana, msifiche kosa chini ya godoro. Baba aliyeliharibu lake zamani ndiye ajuaye kulitengeneza lenu.

Tulipopita juzi, mguu mmoja ulikuwa tayari. Wa pili ulikuwa juu ya meza ya seremala, umepigwa mistari ya penseli, haujakatwa. Walikuwa wanaupima tena.

Wabillahi tawfiiq.