Msamiati wa Undugu na Kutunzana katika Migodi ya Dhahabu ya Afrika Kusini: Kutoka Kampaundi hadi KwaThema

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza msamiati wa undugu uliotumiwa na watu wenye mahusiano ya jinsia moja katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na katika mtaa wa KwaThema ulioko kwenye ukanda huohuo wa dhahabu. Hoja kuu ni kwamba maneno kama "mume", "mke" na "mama" hayakuwa mzaha wala mafumbo tu. Yaligawa kazi ya kutunzana miongoni mwa watu waliokuwa mbali na jamaa zao au waliokataliwa nao. Hata hivyo, maneno hayohayo yaligawa pia mamlaka. Mchambuzi anayeuona upande mmoja tu huwa ameusoma msamiati huo nusu.

Suala hili lina uzito nje ya isimu. Kwa upande mmoja, hudaiwa mara kwa mara kuwa mahusiano ya aina hii ni mageni barani Afrika. Kwa upande mwingine, baadhi ya wataalamu wameyaeleza kama dalili tu ya uhaba wa wanawake migodini. Madai yote mawili yana kasoro moja: hayaanzi na majina ambayo wahusika wenyewe waliyapa maisha yao.

2.0 Kampaundi na Umbali

Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Kampuni za migodi zilihitaji wafanyakazi wengi wa ujira mdogo, nazo zikawatafuta mbali, hasa kusini mwa Msumbiji. Mapatano baina ya utawala wa Transvaal na Wareno, ya mwaka 1901 na ya mwaka 1909, yaliuwekea uajiri huo misingi ya kisheria. Wachimbaji walikuja kwa mikataba, wakaacha wake na wazazi nyumbani, na wakakaa katika mabweni yaliyozungushiwa ua na kusimamiwa na kampuni. Mabweni hayo ndiyo yaliyoitwa kampaundi.

Kampaundi zilikuwa karibu na jiji la Johannesburg, lakini kwa mkaaji wake zilikuwa mbali sana. Umbali huo haukuwa wa maili peke yake. Nyumbani, kupika, kuteka maji, kufua na kumwuguza mgonjwa zilikuwa kazi zenye wenyewe kwa mujibu wa undugu: mke, mama, dada, mdogo wa mtu. Bwenini watu hao hawakuwepo, lakini kazi zilibaki. Swali la nani amtunze nani lilihitaji jibu, na jibu mojawapo lilipatikana katika lugha.

3.0 Nkhontshana na Nima

Mwaka 1907 utawala wa Transvaal uliwaagiza maofisa Leary na Taberer wachunguze tuhuma kuhusu mahusiano ya wanaume katika kampaundi. Neno linalojitokeza katika kumbukumbu za wakati huo ni inkotshane. Mmisionari Mswisi Henri-Alexandre Junod naye alilizungumzia jambo hilo katika kitabu chake kikubwa kuhusu Wathonga, kilichochapishwa kwanza mwaka 1912 na 1913, na kurekebishwa mwaka 1927. Tahajia zilitofautiana, lakini mfumo wa maneno uko wazi: nkhontshana ni kijana aliyechukuliwa kuwa "mke", nima ni mchimbaji mzoefu aliyekuwa "mume", na bukhontshana ni hali au desturi yenyewe.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja uundaji wa neno hilo la tatu. Kiambishi bu- ni cha ngeli ileile ya dhana ambayo katika Kiswahili huchukua u-, kama katika "undugu" na "ujamaa". Jambo hili si dogo. Neno linapoingia katika ngeli ya dhana, tendo la watu wawili huwa limepewa jina kama desturi ya jumuiya. Wachimbaji hawakuwa wakitaja matukio ya kificho tu. Walikuwa wakitaja taasisi.

Taasisi hiyo ilikuwa na wajibu wake. Utafiti wa T. Dunbar Moodie, akishirikiana na Vivienne Ndatshe na British Sibuyi, uliochapishwa mwaka 1988, ulitegemea masimulizi ya wachimbaji wazee. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, "mke" alifua, alipika na kutandika kitanda. "Mume" alimpa fedha na zawadi, na kumlinda dhidi ya wengine. Kulikuwa na kanuni zilizojulikana kama mteto ka Sokisi, yaani sheria za Sokisi. Baadhi ya vijana walitumia mapato hayo kuongezea mahari na kujenga makao kwao. Hivyo "ndoa" ya mgodini ilichangia ndoa ya kijijini badala ya kuivunja.

Pamoja na hayo, haifai kuipamba desturi hii. "Mke" alikuwa mgeni na mdogo kwa umri, pengine mdogo mno. "Mume" alikuwa na cheo, fedha na marafiki miongoni mwa wasimamizi. Katika mazingira hayo ridhaa ya kijana ilikuwa na mipaka, na shurutisho lilikuwepo. Neno "mke" lilimwahidi kijana ulinzi, na papo hapo likamnyima sauti. Kwa kuwa maneno ya ndoa yalichukuliwa kutoka nyumbani, yalikuja na ngazi zake za mamlaka, na kampuni haikuwa na sababu ya kuzivunja ilimradi kazi iendelee.

4.0 Mjadala wa Wataalamu

Moodie na wenzake walionyesha kwamba desturi hii ilififia kadiri wachimbaji walivyopoteza mashamba yao na wanawake walivyozidi kuhamia karibu na migodi. Maelezo haya yanasaidia kufahamu misingi ya kiuchumi. Hata hivyo, katika makala yake ya mwaka 1993, Zackie Achmat aliwakosoa wanahistoria wa migodi, akiwemo Charles van Onselen, kwa kuyaeleza mahusiano haya kwa namna inayofuta kabisa matamanio ya wahusika. Ikiwa kila kitu kinasababishwa na kampaundi, basi hakuna mtu aliyependa.

Ushahidi wa msamiati unaunga mkono tahadhari hiyo. Uhaba wa wanawake unaweza kueleza kwa nini kulikuwa na kazi isiyo na mtendaji. Hauelezi kwa nini watu walijenga kanuni, zawadi na majina ya undugu kuizunguka kazi hiyo.

5.0 KwaThema: Neno "Mama"

KwaThema ulianzishwa mwaka 1951 karibu na mji wa migodi wa Springs, mashariki mwa Johannesburg. Hapa hali ilikuwa tofauti: wanawake walikuwepo, na familia zilikuwepo. Kama mahusiano ya jinsia moja yangekuwa zao la kampaundi tu, yangetarajiwa kutoweka. Badala yake, katika miaka ya 1980 na 1990 mtaa huu ulikuwa na jumuiya iliyojulikana, yenye msamiati wake. Hugh McLean na Linda Ngcobo, katika mkusanyo wa Defiant Desire wa mwaka 1994, walieleza maneno kama skesana na injonga, ambayo bado yalitofautisha anayechukua nafasi ya kike na anayechukua ya kiume.

Kilichobadilika ni kitovu cha kutunzana. Nyumba ya Thokozile Khumalo, aliyeitwa MaThoko, ilikuwa kimbilio, mahali pa kukutania na pa kupokelea barua. Jina hilo linastahili kuchunguzwa. Waswahili humwita mzazi kwa jina la mtoto wake: Mama Fatuma, Mama Juma. Katika MaThoko, umama umefungamanishwa na jina la mwanamke mwenyewe, si la mtoto fulani. Umama wa namna hiyo uko wazi kwa yeyote abishaye hodi. Tofauti na neno "mke" la kampaundi, hautoi chakula na ulinzi kwa malipo ya utiifu wa kitandani.

Ulinzi huo haukutosha nje ya mlango. Katiba ya mwaka 1996 ilikataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi, lakini mwaka 2008 Eudy Simelane, mwanasoka wa zamani wa timu ya taifa, aliuawa KwaThema. Na mwaka 2011 Noxolo Nogwaza, mwanaharakati, aliuawa katika mtaa huohuo. Mihadhara ya kumkumbuka Simelane imeandaliwa na kituo cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal chenye jina la Kiswahili: Ujamaa.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu una funzo kwa mfasiri. Si sahihi kutafsiri nkhontshana kwa "shoga", neno ambalo pwani ni pia la wanawake kuitana kwa urafiki, wala nima kwa "basha". Maneno hayo ya Kiswahili humtaja mtu kwa tabia yake; yale ya migodini yalimtaja kwa wajibu wake kwa mwenzake. Tafsiri ya namna hiyo hubakiza tendo na kufuta utunzaji. Afadhali kuyaacha maneno ya asili na kuyaeleza, pamoja na uzito wa mamlaka yaliyoubeba, ili msomaji aone kwa pamoja aliyetunzwa, aliyetunza, na aliyelipa gharama.