Bwana Charles Rubia, Meya wa Kwanza Mwafrika wa Nairobi

Katika mwaka wa 1962, kwa mara ya kwanza tangu Nairobi iitwe mji, mkufu wa meya ulivikwa shingoni mwa Mwafrika. Mtu huyo alikuwa Bwana Charles Wanyoike Rubia wa Murang'a, aliyezaliwa mwaka wa 1923. Wakati ule Kenya ilikuwa bado chini ya serikali ya Kiingereza, kwani Uhuru haukupatikana mpaka tarehe 12 Desemba, 1963. Basi mji mkuu ulimpata mkuu wake Mwafrika kabla ya nchi yenyewe kumpata wake.

Ili msomaji apime uzito wa jambo hilo, na akumbuke hali ilivyokuwa miaka minane tu nyuma yake. Mwezi wa Aprili, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ili wachunguzwe. Wengi walipelekwa kambini, na wake na watoto wakarudishwa katika Rizavu. Mtu wa Murang'a hakuweza kukaa mjini pasipo karatasi ya ruhusa. Tena kila kabila la watu lilikuwa na upande wake: Wazungu juu vilimani, Wahindi Parklands na Ngara, na Waafrika Pumwani, Kaloleni, Ziwani na Bahati. Katika mji wa namna hiyo ndimo alimotoka meya huyu.

KAZI YA MEYA

Wako watu waliodhani ya kuwa meya ni kama D.C., kwamba akiamuru neno hutendeka. Sivyo. Meya wa Nairobi alichaguliwa na madiwani wenzake. Naye aliongoza mikutano yao, akaupokea ugeni wa mji, na kuwa msemaji wa wakaaji wake. Kazi yenyewe ilipitia katika kamati, kisha ikatekelezwa na maofisa wa Baraza. Fedha zilitoka katika kodi ya viwanja, kodi za nyumba za Baraza na malipo ya maji. Fedha zikipungua, ahadi ya diwani haileti maji katika mfereji.

Na haja za watu ziliongezeka upesi mno. Mwaka wa 1963 mipaka ya Nairobi ilisogezwa, na eneo la mji likapanda kutoka kilometa za mraba 90 hivi hata karibu 690. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilikuwa 266,794. Ile ya 1969 ilikuwa 509,286. Wengine waliingizwa na mipaka mipya, lakini wengi walitoka mashambani kutafuta kazi, baada ya zile sheria za kuwazuia kuondolewa. Kila mmoja alitaka chumba, maji, shule ya mtoto wake, na kitanda cha mkewe katika hospitali ya wazazi ya Pumwani. Mzigo huo ndio Bwana Rubia aliouchukua hata mwaka wa 1967, alipompisha Bwana Isaac Lugonzo.

KURA YA MLOLONGO

Mwaka wa 1969 aliingia Bungeni kuwa Mjumbe wa Starehe, akakishika kiti hicho mpaka mwaka wa 1988. Ikawa sababu ya kukipoteza ni jambo ambalo alikuwa amelipinga waziwazi.

Mwaka wa 1986 chama cha KANU, ambacho ndicho kilichokuwa chama pekee nchini, kiliamua ya kuwa katika mchujo wa wagombea wapiga kura wasitumie karatasi, bali wajipange mlolongo nyuma ya yule wamtakaye. Wakubwa wa makanisa na mawakili walikataa, na Bwana Rubia, ingawa alikuwa Mjumbe wa chama hicho hicho, alikuwa miongoni mwa Wajumbe wachache waliothubutu kulipinga. Hatari yake si ngumu kuiona. Karani atasimamaje nyuma ya mtu ambaye bwana wake hampendi, na bwana wake yupo anatazama? Mpangaji naye atafanyaje mbele ya mwenye nyumba? Tena aliyepata zaidi ya sabini katika mia alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kura ya siri kupigwa. Uchaguzi wa 1988 ulipokwisha, Bwana Rubia alikuwa nje ya Bunge.

Hakunyamaza. Tarehe 3 Mei, 1990, yeye na Bwana Kenneth Matiba waliwaita watu wa magazeti, wakataka vyama vingine viruhusiwe. Waliomba ruhusa ya kufanya mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai, wakanyimwa. Tarehe 4 Julai wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini pasipo kushitakiwa. Hata hivyo siku ile watu walitoka, fujo ikatokea na roho zikapotea. Nayo siku hiyo ikaitwa Saba Saba.

Wahenga walisema, msema kweli hana wajoli. Bwana Rubia aliachiliwa Aprili, 1991, afya yake imevunjika na sauti yake imekauka. Lakini mwezi wa Desemba, 1990, yeye akiwa bado kizuizini, KANU yenyewe ilikuwa imekwisha kuuacha mlolongo. Desemba, 1991, sheria ya chama kimoja ikafutwa, na mwaka uliofuata raia wakachagua kati ya vyama vingi, kila mtu na karatasi yake.

Bwana Rubia alifariki tarehe 23 Desemba, 2019, akiwa na umri wa miaka 96. Cheo cha meya kilikuwa kimekwisha kuondolewa Nairobi mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Lakini karani na mpangaji wa Starehe, wakiingia katika chumba cha kura kumchagua mwakilishi wao wa wadi, hakuna bwana wala mwenye nyumba anayeona wanapotia alama.