Kiwele Kigonjwa na Njaa ya Mwana-kondoo

Mwana-kondoo anapokonda akiwa bado ananyonya, lawama huangukia upesi minyoo au uhaba wa malisho. Pengine chanzo kimo katika kiwele cha mama yake, ambacho kwa nje hakionyeshi kasoro yoyote.

Kiwele cha kondoo kina sehemu mbili, kila moja ikiwa na tezi zake na chuchu yake. Bakteria huingia kwa kupitia tundu la chuchu. Miongoni mwao ni Staphylococcus aureus, aishiye juu ya ngozi, na Mannheimia haemolytica, apatikanaye kooni mwa wanakondoo wenyewe. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupambana nao, lakini katika mapambano hayo tezi za maziwa huharibika na mahali pake hufanyika kovu, nalo kovu halitoi maziwa.

Ugonjwa ukiwa mkali, kondoo hupata homa, huchechemea, na humkimbia mtoto wake. Sehemu iliyoambukizwa yaweza kuwa baridi na kugeuka rangi ya buluu, kisha nyeusi. Hapo nyama imekwisha kufa, na mara nyingi kondoo mwenyewe hufa. Ugonjwa uliojificha hauna vishindo hivyo. Kondoo anayefugwa kwa nyama hakamuliwi, basi wa kwanza kutambua kwamba maziwa yamepungua ni mtoto.

Naye mtoto hana chakula kingine, kwani katika majuma ya kwanza hutegemea maziwa karibu peke yake. Akiwa na njaa hunyonya mara kwa mara na kwa nguvu, hata chuchu ikachubuka na bakteria wa kinywani mwake wakapata njia. Huenda pia akaiba maziwa kwa kondoo wengine, akawaachia vijidudu.

Mwaka 1957 huko California, Marekani, kilitangazwa kipimo rahisi: maziwa kidogo huchanganywa na dawa ya namna ya sabuni, na yakiwa na chembe nyeupe nyingi huganda kama ute wa yai. Dawa za kuua bakteria husaidia zikitolewa mapema, ila hazirudishi tezi iliyokwisha kuwa kovu. Kwa hiyo wafugaji waangalifu hukipapasa kila kiwele baada ya watoto kuachishwa kunyonya, na kondoo mwenye mabonge huondolewa kundini kabla ya kupandwa tena. Mwana-kondoo huzaliwa bila kingamwili za mama yake, kwa sababu hazipiti katika kondo la uzazi; huzipata katika dang'a, siku ile ile ya kuzaliwa, na kiwele kilichokufa upande mmoja mara nyingi hakiwatoshelezi pacha.