KUSIKILIZANA NA KUPATANA: LUGHA YA MPATANISHI KATIKA MAZUNGUMZO YA NYERI, 1954

Mwaka 1928 Kikuyu Central Association ilianza kutoa gazeti lake la Kigikuyu, na Jomo Kenyatta akawa mhariri. Jina lake, Mũigwithania, hufasiriwa kuwa ‘mpatanishi’. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inaficha jambo. Kitenzi cha msingi ni igua, ‘sikia’. Iguana ni ‘sikiana’ na pia ‘kubaliana’. Mũigwithania, basi, ni mtu anayewawezesha wengine kusikiana. Kiswahili nacho kina sikilizana kwa maana zote mbili, ingawa jina la kazi hiyo limetokana na pata: pat-an-ish-a.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maumbo hayo yanabeba masharti ya kazi yenyewe. Kuamua ni kuwatenganisha wanaopigana, na vilevile kukata shauri. Mwamuzi aweza kufanya hivyo bila ya ridhaa ya wahusika. Kupatana, kwa sababu ya kiambishi -an-, kwahitaji pande mbili: hakuna apatanaye peke yake. Kwa hiyo mpatanishi hawezi kuikamilisha kazi yake mpaka wahusika wote wawili watende.

Mfano mzuri unapatikana Nyeri. Januari 1954 Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya, alijeruhiwa na kukamatwa. Alihojiwa kwa muda mrefu na Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekijua Kigikuyu barabara. Akashitakiwa mjini Nyeri na kuhukumiwa kifo. Adhabu hiyo ilibadilishwa baada ya yeye kukubali kuwaandikia barua wenzake walioko msituni. Mwishoni mwa Machi wajumbe wa wapiganaji walikutana na wakuu wa serikali mjini Nyeri. Mapema Aprili mapigano yakazuka kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji, na mazungumzo yakavunjika.

Ugumu wa shauri hilo haukuwa ukosefu wa msamiati. Serikali ilitaka wapiganaji wasalimu amri, kitendo cha upande mmoja tu. Wapiganaji walidai ithaka na wĩyathi, yaani ardhi na uhuru. Kati ya ‘kusalimu amri’ na ‘kupatana’ hapakuwa na mtu wa tatu. Mjumbe alikuwa mfungwa, na aliyeijua lugha ya pande zote mbili alikuwa mtumishi wa upande mmoja. Kuijua lugha ya mtu siyo kumsikiliza.

Kutokana na hayo, stadi tatu zadhihirika. Kwanza, mpatanishi hurudia maneno ya kila upande mpaka msemaji mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyokusudia. Pili, huchunguza vitenzi: penye kitenzi cha upande mmoja, hutafuta cha kutendana ambacho wote wawili waweza kukikubali. Tatu, huhakikisha kwamba ahadi iliyotolewa mezani imewafikia, kwa maneno yaleyale, wenye silaha mikononi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama kuendeleza upatanishi na njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Wajibu huo unawahusu wanaisimu pia. Istilahi za mwamuzi, msuluhishi na mpatanishi zikichanganywa, mwananchi aliyekuja kusikilizwa aweza kujikuta ameamuliwa.