Picha, Sinia au Kitabu: Ukitaka Zawadi ya Tingatinga

Anayetafuta zawadi ya uchoraji wa Tingatinga ningemwelekeza kwanza Oyster Bay, Dar es Salaam, eneo la Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wenyewe. Pale bei unamuuliza aliyeshika brashi.

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeupa mtindo huu jina lake, alianza mwaka 1968 na vitu vya kawaida: ubao mgumu wa mraba, takriban sentimita 60 kila upande, na rangi ya enameli, ile ya kupaka baiskeli. Alifariki 1972. Ukiambiwa picha ya mkono wake inauzwa kwa bei ya zawadi, pita. Tunachonunua leo ni kazi za waliofundishwa na wanafunzi wake, na nyingine ni nzuri sana.

Picha ya ubao inamfaa anayeishi hapa hapa mjini; kwenye begi ni nzito na pembe zake humeguka. Ya kitambaa huviringishwa kama mkeka, mradi rangi imekauka kabisa. Iguse pembeni: ikinata, iache. Unapoiviringisha, rangi ikae upande wa nje, isije ikajikunja na kupasuka. Na uliza bei bila fremu, maana fremu yenye kioo inaweza kugharimu sawa na picha ndogo yenyewe, ilhali enameli haihitaji kioo.

Sinia na vikombe ni rahisi zaidi, lakini papasa kwanza. Kilichochorwa kwa mkono, vidole vitahisi rangi ilivyotuna na macho yataona madoa yasiyolingana. Kilichochapwa ni laini kotekote, na sijui mchoraji anapata nini humo. Sinia lenyewe ni la kutundika. Sufuria ya moto italiharibu.

Kitabu kikubwa kilichoagizwa Ulaya mara nyingi kinalingana bei na picha ndogo mbili au tatu, achilia mbali uzito wake. Hata hivyo, kile cha Hanne Thorup na mwenzake cha mwaka 2010, au kingine cha namna hiyo, kinampa msomaji historia ambayo sinia halina. Ningemnunulia mwalimu au mwanafunzi wa sanaa.

Wengine wote ningewapa picha ndogo ya kitambaa, bila fremu, na ningemwomba mchoraji aandike nyuma jina lake, mwaka, na, kwa Kiswahili, jina la mnyama aliyechorwa.